Mwasisi wa Nne

Wako wanaume sita ambao nimeandika majina yao mara nyingi kuliko majina ya wanangu. Wote walikuwa Wazungu, karibu wote walikuwa na ndevu au masharubu, na wengi wao walikufa kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa mkufunzi wa Saikolojia ya Elimu katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Temeke, na kila mwaka, wiki ya pili ya muhula wa kwanza, niliingia darasani na chaki yangu nikaandika kichwa cha habari: Waasisi wa Saikolojia. Chini yake niliwapanga wale sita, kila mmoja na nchi yake, nadharia yake, na mbwa au paka au panya wake kama alikuwa naye. Wanachuo walinakili. Mimi nilikaa kitini nikasubiri wamalize, kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma.

Majina yao siyaandiki hapa. Nimeamua kutomtaja mtu yeyote kwa jina katika kumbukumbu hizi, na sioni kwa nini hao sita wapate upendeleo. Wameshaupata wa kutosha.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni. Watu wanaikumbuka kama miaka ya ruksa, maduka yamejaa, mitumba imefika, kila mwenye kibaraza amefungua genge. Mimi naikumbuka kama miaka ya uchovu. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi mume wangu kilifungwa, naye akarudi nyumbani na barua moja na redio moja. Nyumba yetu ya Sinza ilikuwa na vyumba viwili vyenye bati na viwili ambavyo bati lake halikupatikana. Hivyo viwili tuliviezeka makuti tukafuga kuku wa kisasa. Niliwahudumia kuku kabla ya kuwahudumia wanangu, kwa sababu mtoto akichelewa kula hulia, lakini kuku wa kisasa akikosewa kidogo hufa. Nilifika chuoni nikinuka chumba cha kuku, na nilijua kwamba nanuka. Hakuna aliyesema. Wakufunzi wenzangu nao walikuwa na ya kwao, mmoja alinuka samaki.

Darasa lenyewe, lile ninalotaka kulisimulia, lilikuwa la walimu waliokuwa kazini tayari. Walichukuliwa zamani, wakati nchi ilipotaka kila mtoto akae darasani na walimu hawakutosha. Walikuwa wamemaliza la saba tu. Wakafundishwa kidogo, wakapewa chaki, wakaambiwa haya, nendeni. Waliitwa walimu wa Daraja C. Sasa, baada ya miaka kumi na zaidi ya kuwafundisha watoto wa watu kusoma, wakaambiwa elimu yao haitoshi, warudi chuoni wapande hadi Daraja A. Na kila asubuhi uvumi ulizunguka kwamba serikali inapunguza watu, na kwamba atakayebaki C ndiye atakayeanza kupunguzwa. Kwa hiyo hawakuja kutafuta elimu. Walikuja kutafuta cheti, na siwalaumu hata kidogo.

Kati yao alikuwepo mama mmoja aliyekaa dirishani. Alikuwa mtu wa Mbagala, Mzaramo wa kuzaliwa hapo hapo, amejifunga ushungi, mkubwa wangu kwa miaka mitatu minne hivi. Mimi nilimwita dada, yeye akaniita mwalimu. Alikuwa ameachika, ana watoto watatu, na wote walikaa kwa shangazi yake aliyemlea. Mshahara wa darasa la kwanza ndio uliokuwa unawalisha wote. Aliniambia hayo siku ya kwanza, bila kuyalilia, kama mtu anayekutajia kabila lake.

Siku ile nimemaliza kuwaandika wale sita, nimeshakaa, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Hawa wote wanaume?"

"Ndiyo."

"Na wote Wazungu?"

"Wote."

"Sasa hao watoto waliokuwa wanawachunguza, nani alikuwa anawalea? Maana mie nimefundisha la kwanza miaka kumi na mbili. Mwanaume wa kukaa na watoto wadogo kutwa nzima akawaangalia, sijamwona bado."

Darasa lilicheka. Wanaume wa nyuma walipiga meza. Mimi nilimwambia, "Nakili kwanza dada, maswali baadaye," kwa sauti ile tunayoitumia sisi walimu tukikosa jibu. Akainama akanakili.

Nilirudi nyumbani nimekasirika na sikujua nimekasirikia nini. Baadaye nikajua. Nilisoma chuo kikuu, tulikuwa wasichana wachache katika kozi nzima, nikakaa miaka mitatu nikisomeshwa ndevu hizo hizo, na sikuwahi hata siku moja kuuliza alichouliza yule mama wa la saba. Nilimwonea wivu. Swali lile lilipaswa kuwa langu.

Chuo kilikuwa na stoo ya maktaba. Mkutubi alikuwa amepunguzwa, na ufunguo ulikaa kwa mpishi. Mle ndani mlikuwa na maboksi ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, mengine hayajafunguliwa, panya wameshaanza kusoma. Nilikaa mle wiki mbili, saa za chakula cha mchana, na kitambaa nimejifunga puani. Katika boksi la nne au la tano nilipata kitabu kinene cha historia ya saikolojia, na mwisho kabisa, baada ya sura zote za ndevu, palikuwa na sura moja fupi. Humo wamewekwa wanawake wote na watu weusi wote, pamoja, kama wageni waliochelewa harusini wakakalishwa jikoni.

Lakini walikuwepo. Alikuwepo mwanamke aliyeruhusiwa kusikiliza mihadhara lakini hakuandikishwa. Akasoma yote, akafaulu yote, akanyimwa shahada kwa kuwa ni mwanamke. Alikuwepo mwingine aliyefanya majaribio miaka mingi na mumewe, na vitabu vikatoka na jina la mume. Alikuwepo mtafiti mweusi aliyekwenda kuwapima watoto wa watu wake wakati wenzake wanaandika kwamba watoto hao hawana akili, akaonyesha kwamba kipimo ndicho kilichokuwa na kasoro. Nilisoma nimesimama, nikanakili nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, na nakiri kwamba machozi yalinitoka kidogo. Nilijisingizia vumbi.

Wiki iliyofuata niliandika tena kichwa kile kile, Waasisi wa Saikolojia, na chini yake sikuanza na moja. Nilianza na saba. Saba, nane, tisa: mwanamke aliyenyimwa shahada, mwanamke aliyemezwa na jina la mume, na yule mtafiti mweusi. Niliwasimulia. Nilizungumza kama ambavyo sikuwa nimezungumza tangu nianze kazi ile. Nilipomaliza nikamgeukia mama wa dirishani nikamwambia, "Dada, swali lako ndilo hilo, nimelijibu."

Akafikiri kidogo. "Nashukuru mwalimu. Lakini hao nao wa huko huko kwao. Kwetu sie hakukuwa na mtu anayewaangalia watoto akili zao zinavyokwenda?"

"Wewe unasemaje?"

Wanaume wa nyuma wakaanza kukohoa, kwa sababu shangazi yake alijulikana. Alikuwa kungwi, mfunda wanawali, tena wa kutafutwa kutoka Mbagala mpaka Kisarawe. Mmoja akasema, "Mwaga siri, mwaga!" Yeye hakugeuka.

"Ya ndani nayaacha ndani," akasema. "Nitasema la kusuka ukili wa mkeka tu, hilo hata nyie mnalijua." Akasimama, mikono nyuma, kama anavyosimama mtoto wa la kwanza akisomeshwa. "Mwali akiingizwa ndani, siku za mwanzo shangazi hamfundishi kitu. Anampa miyaa, yale majani ya kusukia, asuke ukili. Yeye anakaa pembeni anatafuna tambuu, kama vile hayupo. Anangoja mwali akosee. Na lazima atakosea, maana miyaa yenyewe mibovu, inakatikakatika. Shangazi anaichaguaga makusudi."

Nilisimamisha chaki. "Makusudi?"

"Makusudi. Sasa, yuko anayefumua akaanza upya. Yuko anayelia. Na yuko anayeficha, anaugeuza ukili upande wenye kosa ukae chini, anaendelea kusuka. Hapo shangazi ameshajua amfundisheje. Anayefumua, ukimwambia mara moja inatosha. Anayelia unamshika mkono, msuke pamoja."

"Na anayeficha?"

"Anayeficha unamngoja. Ukimwambia umemwona, umempoteza. Unakaa naye tu mpaka siku aseme mwenyewe."

"Atajuaje kama anaficha, kama ameugeuza chini?"

"Haangalii uso. Uso umeshafundishwa na mama yake. Anaangalia mikono."

Hakuna aliyekohoa tena. Nilitazama ubao wangu, nikawatazama wale watatu, nikajisemea moyoni kwamba hapa nimesimuliwa jaribio zima, na chombo chake, na sababu zake, na mama aliyelibuni anatafuna tambuu kituo cha nne tu kutoka hapa. Nikaandika namba kumi: Kungwi wa Mbagala. Nikaandika chini yake yale yote, sentensi kwa sentensi. Wanachuo walinakili.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu lilikuwa kosa la kazi yetu na huenda mtu wa kazi nyingine asilione. Katika vyuo vyetu, kilichoandikwa ubaoni ni notisi, na notisi ni mtihani. Hakuna kitu cha tatu. Mwalimu anaweza kuzungumza atakavyo, hayo ni maongezi; lakini chaki ikishagusa ubao, mwanachuo ananakili kila nukta na kuikariri, kwa kuwa anaamini kwamba mtungaji wa mtihani na huyu aliyeshika chaki wamekaa meza moja. Ndiyo maana kila mkufunzi, akitaka kuandika jambo la pembeni, hutanguliza maneno haya: haya si ya mtihani. Mkuu wa taaluma alipita dirishani siku hiyo, akasoma ubao, akanisubiri nje.

"Hilo la kumi liko kwenye muhtasari?" akauliza.

"Ni mfano tu, mzee."

"Basi uwaambie."

Nikamjibu kwamba nitawaambia. Sikuwaambia. Nimejaribu miaka yote kujidanganya kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Nilijua kwamba nikisema haya si ya mtihani, kalamu arobaini zitawekwa chini kwa pamoja, na sikutaka ziwekwe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walikuwa wananakili huku macho yao yakiwa wazi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusubiri watu wamalize kunakili.

Wale wengine hawakudhurika. Walikuwa na madaftari ya kaka na dada waliowatangulia, walikuwa na mitihani ya nyuma, walijua kwa uzoefu kwamba maswali huja juu ya wale sita, na wakati wa kusoma wakauruka ule ukurasa wangu. Mama wa dirishani hakuwa na daftari la mtu. Alikuwa na la kwake tu, na alikuwa ananiamini. Alinifuata getini siku mbili baadaye akaniambia kwamba amemweleza shangazi yake kuwa ameandikwa ubaoni chuoni.

"Amesemaje?"

"Amecheka mpaka tambuu ikamtoka. Halafu akaniuliza ubao wenyewe unafutwaga saa ngapi."

Tukacheka sote wawili. Nilikuwa na furaha siku hiyo, ya kweli, na nilikwenda nayo mpaka nyumbani kwa kuku.

Mtihani wa mwisho haukutungwa na sisi. Ulitoka juu, na kusahihishwa kwake kulifanyika likizo, katika bwalo la shule moja ya sekondari, wakufunzi wamekusanywa kutoka kila upande wa nchi. Tulikaa meza sita sita. Mimi nilikuwa kiongozi wa meza yangu, mwanamke peke yangu pale, na kazi yangu ilikuwa kupitia walichosahihisha wenzangu na kuweka saini pembeni. Swali letu lilisema: Eleza mchango wa waasisi wanne wa saikolojia katika ufundishaji. Mbele ya kila mmoja palikuwa na mwongozo wa kusahihishia, na katika mwongozo palikuwa na majina sita. Nyote mnayajua ni ya nani.

Siku ya tatu, mchana, baada ya ugali na maharage, wakati joto la bwaloni limewalegeza watu mpaka kalamu zinawaponyoka, mkufunzi mmoja wa meza yangu akaanza kutikisika mabega. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, mcheshi, hana ubaya.

"Jamani, sikilizeni hii," akasema. Akasoma kwa sauti. Alisoma akiiga lafudhi ya pwani, akivuta maneno. "Mwasisi wa nne ni kungwi wa Mbagala. Kungwi huyu humpa mwali miyaa mibovu ili akosee."

Bwalo zima lilicheka. Wa meza za jirani waligeuza viti. Mmoja akasema, "Watu wa pwani bwana, hata mtihani wanaupigia ngoma," na wakacheka upya. Akaendelea kusoma, anayefumua, anayelia, na kila alipofika kituo walishangilia. Watu walikuwa wamechoka, walikuwa wanatafuta kitu cha kuchekea tangu asubuhi.

Nami nilicheka. Sikucheka wa mwisho kwa kulazimishwa. Nilicheka wa pili au wa tatu. Kicheko kilinitoka kabla sijajua kinatoka wapi, na kilipokuwa kinanitoka nilikuwa tayari nimeshajua kitabu kile cha majibu ni cha nani. Juu yake palikuwa na namba tu. Lakini nchi nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeyaandika yale.

Akaniletea. "Mama kiongozi, huyu tumpe ngapi?"

Nilikisoma. Waasisi wake wawili wa kwanza walikuwa wa ndevu, na alikuwa amewaeleza vizuri, mwandiko wa mwalimu wa la kwanza, herufi zimesimama wima. Wa tatu alikuwa yule mwanamke aliyenyimwa shahada. Wa nne alikuwa shangazi yake.

"Mwongozo unasemaje?" nikauliza.

"Mwongozo una sita."

"Kungwi yumo?"

"Hayumo," akajibu huku akifuta machozi ya kicheko.

"Na huyu wa tatu?"

"Naye hayumo."

"Basi."

Akachora mkasi mwekundu wa kosa mara mbili, nami nikaweka saini yangu pembeni. Kulikuwa na njia nyingine. Jibu lisilotarajiwa lingeweza kupelekwa kwa mkuu wa jopo, likajadiliwa, na mwongozo ukaongezwa. Niliwahi kuona jambo hilo likifanyika mwaka uliotangulia kwa jibu la Falsafa. Lakini wangeuliza nani amefundisha haya, na jibu lilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa na barua yake na redio yake. Sikutaka kuwa na barua yangu. Na tena nilikuwa nimeshacheka. Mtu akishacheka pamoja na watu, kusimama akatetea kile kile alichokicheka kunahitaji moyo ambao mimi sikuamka nao siku ile.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa Saikolojia, na amelikosa kwa alama chache. Alitakiwa kurudia somo hilo moja mwaka unaofuata. Hawakumpunguza, uvumi ule haukumfikia. Lakini kwa kuwa alibaki C, nafasi yake Mbagala akapewa aliyefaulu, naye akahamishiwa shule moja huko Kibamba, mwisho kabisa wa jiji, ambako siku hizo kulikuwa na mihogo kuliko nyumba. Alipanga chumba huko. Watoto akawaacha kwa shangazi, akawa anawaona Jumapili.

Alikuja kuniona chuoni muhula wa pili, na daftari lake lile lile. Alikuwa amekonda. Hakuniuliza kwa nini alifeli. Alifungua ukurasa wa waasisi akauweka mezani kwangu.

"Mwalimu, mwaka huu niandike akina nani?"

"Wale sita," nikasema. "Chagua wanne kati yao."

"Na hawa wengine?"

"Hao uwajue tu, dada. Hao si wa mtihani."

Ndivyo nilivyokuja kuyasema maneno yale, mwaka mzima baada ya wakati wake. Akatoa rula kwenye mkoba, akaiweka juu ya saba, akapiga mstari. Akafanya hivyo kwa nane, kwa tisa na kwa kumi, mistari imenyooka. Akanishukuru. Mwaka ule aliandika wanaume wanne akapata Daraja A.

Mimi nami nilirudi kwenye sita. Darasa lililofuata niliwaandika kama zamani, na mbwa wao na panya wao, na hakuna aliyeuliza. Nilikaa kitini nikasubiri.

Miaka ilipita. Ikaja miaka ya semina. Wafadhili walitaka masuala ya wanawake yaingie katika mitaala, na tukaitwa wakufunzi hotelini, tukapewa mifuko na kalamu. Mwezeshaji akauliza kama kuna mtu anaweza kutoa mfano wa maarifa ya mwanamke wa Kiafrika katika saikolojia. Nikanyoosha mkono, nikawasimulia kungwi na miyaa mibovu. Ukumbi wote ulipiga makofi. Mmoja wa waliopiga makofi alikuwa yule mwenzangu aliyesoma kwa lafudhi bwaloni, na niliona wazi kwamba hakumbuki. Mfano ule ukaandikwa, ukaingia katika kijitabu cha wakufunzi: kungwi mmoja wa pwani, kama alivyosimuliwa na mshiriki. Nilipokipata nilikisoma mara moja nikakifungia kabatini.

Mwaka huo huo nilikwenda Manzese, kwa mafundi wa bati, kuagiza vyombo vya kulishia kuku. Fundi alikuwa anagonga tranka, na aliyesimama akilisubiri alikuwa mama wa dirishani. Mwanawe wa mwisho alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Alikuwa amenenepa kidogo, ushungi ule ule. Tulishikana mikono kwa muda mrefu.

"Shangazi hajambo?" nikamwuliza.

"Shangazi alitangulia, mwalimu. Nikiwa Kibamba. Mpaka nimefika, wameshamzika."

Nikampa pole. Fundi akagonga, tukangoja anyamaze.

"Nimesikia ameingia kitabuni," akasema. "Mwenzangu mmoja ameona. Nimefurahi. Chaki kweli ilikuwa inafutika." Akatabasamu, kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole ya mtu anayeuliza bei, "Mwaka ule nilipofeli, si na wewe ulikuwaga kwenye kusahihisha? Mtihani wangu uliuona?"

Nilikuwa nimebeba mfuko wa rambo. Nilimtazama moja kwa moja machoni, nikatulia, nikasema, "Hapana, dada. Mitihani ilikuwa mingi, meza nyingi. Sikuuona."

Hakunitazama usoni. Alikuwa anaitazama mikono yangu, na mimi nilipoitazama nikaona nimeusokota ule mfuko kidoleni mpaka ncha ya kidole imevimba, na bado nazidi kusokota.

Fundi alipomaliza kupigilia bawaba, akamlipa. Akajitwika tranka lake, akaliweka sawa kichwani.

"Hamna neno, mwalimu," akasema. "Mie nipo."